Dumu la Mtu wa Gendabi

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mji mmoja mwaka mzima. Mwaka ule nilikuwa Katesh, nikifungua matairi kwenye gereji ya fundi mzee aliyenivumilia ingawa sikuchoka kumuuliza maswali. Hapo ndipo nilipoliona gari la mbio kwa karibu: dogo, la bluu, lina turbo. Mwenyewe aliuza vitambaa mjini, kama baba yake. Kompyuta ya gari ilikuwa imepangwa Arusha ili injini itumie petroli iliyochanganywa na ethanoli, ile spiriti kali ya miwa. Alinieleza kwamba spiriti inaipoza injini, ndiyo maana turbo inaweza kusukuma hewa nyingi bila injini kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Nikamuuliza, na ukiweka isiyo sahihi?

"Pistoni zinatoboka, kaka. Na mimi sina injini nyingine."

Mbio zilikuwa Jumamosi. Mpaka Alhamisi jioni dumu lake lilikuwa tupu, na jingine la spiriti aliloagiza Arusha lilikuwa halijafika. Ijumaa asubuhi, mwenye gari akiwa nasi gereji, akaja mtu kutoka Gendabi na pikipiki, dumu la njano limefungwa nyuma kwa mpira. Alisema ana spiriti safi ya magari. Sikumwamini tangu mwanzo. Alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza, na dumu lake lilinukia sukari guru.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Haya, onja kwanza."

Huku anayekuletea kinywaji hunywa yeye kwanza, ujue hakutia kitu ndani. Fundi alikulia desturi hiyo, akasahau kwamba safari hii mnywaji ni gari. Yule mtu akamimina kwenye kifuniko, akabugia, akafuta midomo kwa kiganja.

"Umeona? Safi," fundi akasema. "Leta petroli tuchanganye."

"Ngoja kwanza, fundi. Mbona ameimeza kirahisi hivyo?"

"Kwani ulitaka afe?"

"Spiriti ya magari wanaitia sumu makusudi, watu wasiinywe. Dumu la Arusha lina picha ya fuvu. Huyu kanywa kama chai."

Mtu wa Gendabi akacheka. "Huyu amesoma chuo gani?"

"Darasa la sita," fundi akamjibu, wakacheka wote wawili.

Mwenye gari hakucheka. Nilikuwa nimemwona akipima spiriti ya Arusha kwenye chupa, nami nikafanya vilevile. Nikachukua chupa ya soda, nikaipangusa ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, nikaianika juani, maana nilijua watasema ilikuwa na maji. Nikatia petroli nusu, ya dumu nusu, nikatikisa, nikaiweka juu ya tairi. Spiriti kavu, isiyo na maji, ingeshikana na petroli vikawa kitu kimoja. Tukasubiri. Pole pole mstari ukajichora katikati: petroli juu, chini yake maji yenye ukungu.

"Gongo," mwenye gari akasema.

"Lakini gongo nzuri," mtu wa Gendabi akasema, naye tayari anafunga dumu lake kwenye pikipiki. Nasikia kabla ya saa sita mchana lilikuwa limenywewa lote, nyuma ya soko.

Jumamosi dumu la Arusha lilikuwa bado halijafika, na mwenye gari hakukimbia. Tulisimama naye kando ya barabara pale Nangwa, amevaa suti yake ya mbio, kofia ngumu kwapani. Kila gari lililopita aliliangalia, kisha akaangalia saa, vumbi likitutua kichwani.

"Hawa wote ningewapita," akasema.

Injini yake ilikuwa nzima, imelala gereji chini ya turubai. Hakunishukuru, wala sikutegemea. Ila lilipopita la mwisho aliniuliza, macho bado barabarani:

"Ile chupa, kaka. Una hakika uliikausha?"