Upepo wa Babangu

Kwetu Mji wa Kale tairi hupimwa kwa kidole gumba. Babangu alisambaza mikate ya boflo madukani miaka mingi, baiskeli nyeusi na sanduku la mbao nyuma, na kila alfajiri kabla hajapakia alilibonyeza tairi. Kidole kikizama hata kidogo, alitafuta pampu. Naye alikuwa na haki. Ukiujaza mzigo mpaka sanduku halifungiki, kisha ukapita vichochoro vyetu na tairi legevu, rimu itagonga jiwe, tyubu itatoboka, na watu watakunywa chai kavu. Magoti yalipomshinda akaniachia kazi, na wasia wake ulikuwa mmoja: "Tairi liwe jiwe." Nikaushika kama nilivyoishika Alhamdu.

Mimi nilikuwa na mambo yangu pembeni. Nilijinunulia baiskeli ya milimani, ya mtumba, kule Kongowea. Watu wa mtaani walicheka. Mtu wa kisiwani, mlima mrefu aliowahi kuupanda ni ngazi za kwa shangazi yake! Lakini matairi yale yalikuwa na meno manene kama magego ya ngamia, na kila nikiyatazama niliona vilima, ukungu na ndovu. Vilima vya Shimba si mbali, ng'ambo tu ya Likoni, na sikuwa nimefika.

Jumapili nilikwenda Mbaraki, wanakokutana vijana wa baiskeli. Kiongozi wetu ni dada mmoja, karani wa kutoa mizigo Kilindini, haneni sana. Siku hiyo akatwambia kwamba safari ya Shimba ipo, pikapu imepatikana, na imebaki nafasi ya mtu mmoja na baiskeli yake. Tulioinua mikono ni wawili: mimi, na dereva wa tuktuk wa Ganjoni ambaye mdomo wake haupumziki.

"Basi pandeni njia ya mawe," dada akasema. "Kila mtu ajaribu mara mbili. Atakayefika juu bila kukanyaga chini, ndiye."

Njia hiyo inatoka karibu na maji na kupanda juu ya mwamba wa matumbawe. Mawe yake yana makali, na katikati pana kiraka cha mchanga. Nikatoa pampu yangu, nikajaza mpaka tairi likalia nilipoligonga kwa kucha.

"Huyu apeleka boflo Shimba!" akasema yule wa tuktuk. "Yakhe, nami nihesabie ya siagi!"

Nikaondoka kwa kasi. Tairi likaruka kila jiwe kama bisi kwenye sufuria. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, gurudumu la nyuma likazunguka hewani, likitua linateleza. Kwenye mchanga likachimba shimo, likakwama. Nikashusha mguu. Wa tuktuk naye akajaribu, akafika pale pale mchangani, akashusha wake.

Akaniomba pampu. Alikuwa ameona nilivyojaza, akaamini mtu wa boflo ajua mambo ya matairi. Nikampa kwa moyo safi. Akalijaza tairi lake upepo mpaka mpira wa pampu ukapasuka mkononi mwake.

"Sasa ni jiwe," akasema, akapanda. Safari hii alirushwa kabla hata ya mchanga, akakaa chini kitako, tukacheka, na yeye akacheka.

Zamu yangu ikafika, na hapo ndipo nikasikia: sss. Jiwe lilikuwa limelidunga tairi langu la nyuma. Nikabonyeza, kidole kikazama. Moyo nao ukazama. Pampu ndiyo ile imepasuka, na wengine wote walikuwa wameshaondoka na pampu zao.

"Waenda au huendi?" dada akauliza.

Niliwaza Shimba. Nikasema naenda, hata kama ni kwa rimu.

Nikaanza polepole, nikiogopa kuiua tyubu. Nikangoja kurushwa, sikurushwa. Tairi lilitua juu ya jiwe, likabonyea, likalikumbatia, kisha likalisukuma nyuma. Meno yale niliyoyapenda kwa sura yake tu yakawa yanauma kweli. Kwenye mchanga tairi likatanuka kama wayo wa ngamia, likapita juu. Karibu na kilele rimu iligonga mwamba, ngo! Upepo wote ukaisha, lakini gurudumu la mbele lilikuwa limeshafika. Sikukanyaga chini.

Dada aliitikia kwa kichwa tu, akasema, "Jumamosi, mapema."

Yule wa tuktuk alikuwa bado anapangusa vumbi suruali yake. Nilimwona akiitazama njia, na furaha yangu ikapungua kidogo. Nikamwendea, nikamwambia, "Punguza upepo, yakhe. Jaribu."

"Wanitania."

"Wallahi."

Akapunguza, akapanda mpaka juu. Akapiga kelele kule kama aliyefika Kilimanjaro. Nafasi ilikuwa yangu bado, lakini nilirudi nyumbani moyo mwepesi, nikiisukuma baiskeli.

Wiki nzima niliziba tyubu, nikajaribu upepo mdogo, mdogo zaidi, mpaka nikapata pale tairi linapobonyea bila kugusa rimu. Ijumaa usiku nikaiegemeza baiskeli ukumbini, tayari.

Asubuhi nikamkuta babangu amechutama kando yake, magoti yale yale, pampu ya boflo mkononi, jasho limemlowesha kanzu. Alikuwa ameamka kuswali akalibonyeza tairi.

"Subalkheri, baba."

"Subalkheri. Ungekwenda mlimani na tairi bovu weye?" Akaligonga kwa kucha, likalia. "Sasa lipo sawa. Nenda, mwanangu."

Nikambusu mkono. Nikaondoka nikirukaruka juu ya kila jiwe la kichochoro, naye amesimama mlangoni ananitazama mpaka nikakata kona.

Sikuugusa upepo ule mpaka pikapu iliposhuka feri upande wa Likoni. Hapo nikafungua vali, nikautoa kidogo kidogo.