Sebule na Asili Zake Zote

Mwenye nyumba nilimopanga chumba cha uani alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na alivaa ufunguo shingoni kama medali. Ulikuwa wa sebule. Humo mlikuwa na makochi sita yaliyokuwa bado yamevaa nailoni za dukani, saa isiyokwenda, na dirisha kubwa kuliko yote nyumbani. Aliyeingia kila siku ni vumbi peke yake, maana halipigi hodi.

Mkewe, fundi cherehani, alishonea jikoni. Alikuwa na kazi ya sare nyeupe za wauguzi kumi na wawili, na mbili zilikwisha kurudishwa kwa masizi. Muuguzi mkuu alimwambia waziwazi: doa la tatu, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

"Baba Watoto, nifungulie sebule, mwanga ungalipo."

"Mama Watoto, unajua maana ya sebule wewe? Neno hilo lina asili."

Asili lilikuwa nazo, tena tele. Mimi niliambiwa limetoka Uarabuni. Fundi bomba alielezwa ni la Uajemi, kwenye majumba ya wafalme. Mleta barua, aliyefanya kosa la kuuliza hali, alibebeshwa Wareno.

"Neno limetembea hilo," alisema mkewe. "Wewe hata sokoni hufiki."

Karani akanigeukia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama. "Mgeni wetu, wewe unajua lugha. Hebu mwambie."

Nilisema kweli: asili yake siijui. Ila kila nilikolala nimekuta chumba cha namna hiyo, kina jina zuri, na wenyewe wanakula jikoni.

"Si unasikia?" walisema wote wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake.

"Maana yake ni mahali pa kupokea wageni," Karani alikaza. "Si karakana."

Mkewe akaweka mkasi chini. "Wageni, eeh? Kesho asubuhi wauguzi kumi na wawili wanakuja kujaribu nguo. Ni wageni au ni wezi? Na tangu ustaafu, humo umempokea nani? Saa?"

Miaka thelathini Karani aliandika hukumu za watu. Leo alisomewa yake. Akavua ufunguo, akausukuma mezani kwa kidole kimoja.

"Makochi yasikaliwe."

"Watasimama," alijibu mkewe, cherehani tayari mikononi.

Asubuhi wauguzi wakasimama kweli. Muuguzi mkuu aliinulia ukosi wa kwanza dirishani, akatafuta doa, akalikosa, akaagiza sare sita zaidi. Kisha akanyoosha mikono apimwe, pini zikamzunguka kiuno, asiweze kugeuka. Karani alijitupa kwenye kochi, nailoni ikalia. Maishani mwake hakuwahi kupata msikilizaji asiyeweza kukimbia.

Walipofika Uajemi, muuguzi alimnong'oneza fundi, "Uzi ukibaki, mshone huyu mdomo."

"Nilishajaribu, mwenzangu. Sindano zinavunjika."