Modemu ya Changamwe na Picha ya Kaka Salim

Enzi zetu, sisi tuliokulia Frere Town miaka ya tisini, intaneti ilikuwa na sauti. Ilipiga mluzi, ikakoroma, ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, kisha ikanyamaza, na hapo ndipo ulipojua umeunganishwa. Vijana wa siku hizi video ikisitasita kidogo wanashika kichwa kana kwamba wamefiwa. Mimi nikiwaona natafuta karatasi na kalamu, nijue wamecheleweshwa kiasi gani hasa. Hesabu hizi zimenikaa mwilini, na nina sababu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, hodari wa hesabu na mjuaji wa kupindukia. Kaka yangu Salim alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, mwaka wa tatu hajarudi. Ikatufikia habari kwa mabaharia wenzake kwamba mashine ya melini imemkata mkono. Mwenyewe akipiga simu husema ni mzima, hana neno. Mama hakuamini, alitaka kumwona. Akaacha hata kupika mahamri ya asubuhi, na sisi watoto tukala mkate mkavu bila kulalamika.

Mjomba Athumani alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe, ofisi yenye kompyuta moja na modemu, kisanduku cha kupitishia intaneti kwenye laini ya simu. Salim akaahidi kutuma picha kwa barua pepe. Mjomba akatuombea kwa mkubwa wake tutumie laini ya simu wakati wa chakula cha mchana, mwisho saa nane kamili.

Tulifika saa saba na nusu. Mjomba, ambaye alizoea barua za maneno matupu, alisema picha ina kilobaiti elfu tatu. Nikainama nikasoma kwenye kisanduku cha modemu: 56. Nikagawanya kichwani, elfu tatu kwa hamsini na sita, nikamwambia Mama kwa madaha asiwe na haraka, picha itachukua chini ya dakika moja. Mama akashukuru. Akaomba maji ya kutawadha, akaswali adhuhuri kwa utulivu, kisha akatoa kioo mkobani akajipaka wanja upya na kulinyoosha buibui lake, kana kwamba Salim naye angemwona. Picha ilipoanza kushuka, saa ya ukutani ilikuwa imebakisha dakika nane.

Ilishuka mstari kwa mstari. Kwanza anga, anga tupu, dakika nzima na zaidi. Kisha kofia, paji la uso, nyusi. Macho yalipotokea Mama alisema taratibu, "Ndiye." Pua, mdomo, ndevu ambazo hakuwa nazo alipoondoka. Mimi nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Ikafika kola, ikafika mabega, ikaanza kifua, na hapo akaingia mkubwa wa Mjomba, mtu muungwana, akatuomba radhi na kuinua simu ya laini ileile. Picha ikakwama. Mikono haikuonekana.

Mama aliitazama nusu ile mpaka kompyuta ikazimwa. Wiki iliyofuata Mjomba alijaribu tena akakuta barua imefutika, na meli ya Salim ilikuwa imeshang'oa nanga. Ajabu ni kwamba siku ya pili tu baada ya picha kukwama Mama aliamka akapika mahamri. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wangu wa hesabu, naye akacheka. Picha hupimwa kwa baiti, akasema, laini hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Elfu tatu zangu zilikuwa elfu ishirini na nne. Tena laini zetu za simu zilitoa nusu tu ya ile 56 iliyoandikwa. Dakika kumi na nne na ushee. Tungeanza tulipofika, Mama angeiona yote na muda wa chai ungebaki. Nusu ile iliyopotea niliililia miaka miwili.

Salim aliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa umekatika kwenye kifundo. Sote tulilia ila Mama. Alimkumbatia akamwambia aingie ale. Salim alikuja na ile picha, imesafishwa nzima, nami nikaipokonya nitazame chini. Suruali, viatu, mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuficha nyuma. Kumbe hata ingeshuka yote nisingeona kitu.

Nikamuuliza Mama alijuaje.

"Bega la kushoto alilipeleka nyuma," akasema. "Tangu mdogo, akinificha kitu husimama vile. Nilijua palepale."

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote ile.

"Ulikuwa ushajilaumu, mwanangu. Nikuongezee na uchungu wangu?"

Sasa ninaishi Junda, na nyumbani tuna faiba ya megabiti mia kwa sekunde. Juzi nilimtumia mwanangu picha ileile, na nikapiga hesabu, na nane yake nikaikumbuka: robo ya sekunde. Akaitazama kwa muda huohuo, akasema ni Mjomba Salim, akapita. Nikamwambia arudi alitazame bega. Akaniuliza bega lina nini.