Doa la Mzee wa Kalenda

Watu wangu, nimesomea mavi ya nzi miezi mitatu.

Si mnajua najifunza kuchora na rangi ya mafuta hapa Kitale? Kazi yetu ni moja: kunakili uso wa mzee wa Kizungu aliyechorwa zamani za kale, kutoka kwa kalenda iliyo ukutani.

Huyo mzee ana doa jeusi kwa paji la uso.

Mwalimu hulihubiri hilo doa, bana! "Hapo ndipo bingwa alificha roho ya picha." Niliwahi kuliacha, akanirudisha nianze uso wote upya.

Leo Nekesa, mwanafunzi mgeni kutoka Bungoma, akasogea kwa kalenda akalikwaruza kwa ukucha.

Likatoka.

Kumbe ni mavi ya nzi!

Nikadhani mwalimu atacheka. Wapi! Alichovya brashi kwa rangi nyeusi, akalirudisha palepale kwa kalenda. "Nekesa, heshimu kazi ya watu. Endeleeni."

Na ati wakaendelea! Watu wazima saba!

Mimi nimefunga virago.

Lakini ile picha niliyorudia, mama ameitundika sebuleni kwetu Bokoli, na kila mgeni lazima aonyeshwe hilo doa.

Nani atamwambia?