Kibao cha Mkia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stesheni ya Tabora, stesheni masta alinikuta nimesimama mlangoni kwa sare mpya. Alikuwa mtu mfupi aliyepiga pasi hata leso.

“Treni ya mizigo ya Kigoma imefika?”

“Shikamoo, mzee. Imefika.”

“Marahaba. Umeiona?”

“Wamesema imefika, mzee.”

“Wamesema akina nani? Nenda kasome namba ya behewa la mwisho, uniletee.”

Nilitembea juani urefu wa treni nzima, nikarudi na namba. Akanirudisha tena, kwa sababu sikuwa nimetazama kama kibao cha mkia kipo. Kibao hicho chekundu hutundikwa nyuma ya behewa la mwisho. Ukikiona, treni imefika nzima. Usipokiona, huenda sehemu yake imebaki porini, na kwa kuwa reli yetu ni ya njia moja, hairuhusiwi treni nyingine kuingia kipande hicho cha reli. Ruhusa ya kuingia tuliiita laini klia. Stesheni masta aliitoa kwa simu, akaiandika na kuitia saini, na kuanzia hapo roho za abiria zilikuwa chini ya saini yake.

Nasikia mengi kuhusu reli yetu. Wapo wanaosimulia kwamba vichwa vya treni vya Tabora vilikula makaa ya mawe. Nilivyovikuta mimi vilichoma mafuta mazito. Wapo wanaosema reli ya kati ilifuata njia ya misafara ya wapagazi hatua kwa hatua. Huenda. Sijaona ramani ya kuthibitisha. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, likiwamo moja linaloniaibisha.

Baada ya miaka kadhaa nilipandishwa cheo na kupelekwa kuwa stesheni masta wa Mhemba, kituo kidogo kwenye njia ya Mwanza, kabla ya kufika Bukene. Kilikuwa na chumba kimoja cha kazi, tangi la maji na mzee mmoja wa kugeuza njia za reli, Maganga, Mnyamwezi wa hapo hapo. Alisoma namba tu. Herufi alisema ni mambo ya masta. Nilipofika alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

“Bwana Masta, viatu hivyo vitalia hapa.”

“Kwa nini, Mzee Maganga?”

“Havijazoea kutembea.”

Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa sikumwambia.

Alasiri moja ya masika ilinyesha mvua iliyofuta kila kitu mbele ya dirisha. Treni ya mizigo ikaingia kutoka Tabora. Siku hiyo haikuwa na behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni anayekaa mkiani. Gadi alipanda kwenye kichwa pamoja na dereva. Dereva akapiga kelele dirishani: “Kamili, masta! Tuko wote!” Papo hapo simu ikalia. Alikuwa kontrola wa Tabora, mwenye kupanga mwendo wa treni zote.

“Mhemba! Nina treni ya abiria imesimama nyuma yenu, watu wanalalamika. Nipe laini klia!”

“Nakupa sasa hivi, bwana mkubwa.”

Kalamu ilikuwa mkononi. Maganga akaingia, maji yanamchuruzika, akaweka kiganja chake juu ya kitabu changu.

“Nimeona kichwa, nimeona tumbo. Mkia sijauona.”

“Dereva amesema kamili.”

“Dereva anatazama mbele, bwana. Kazi yake hiyo.”

“Mzee Maganga, ondoa mkono!”

“Utaandika juu yake.”

Hakuuondoa. Simuni kontrola aliniuliza kama nimelala au nimekunywa. Nikamwambia asubiri. Ndipo Maganga akachukua bendera nyekundu akaenda, na mimi nikabaki nikitukanwa kwa muda ambao ulionekana hauishi. Aliporudi aliinua vidole vitatu juu kabla hajafika mlangoni. Mabehewa matatu ya nyuma, ambayo hayakuwa yameungwa breki na hivyo dereva asingehisi kitu, yalikuwa yamekatika na kusimama bondeni, nyuma ya kona. Treni ya abiria ingeyakuta hapo kwa mwendo kamili.

Jioni ile niliandika ripoti. Niliandika: “Kwa kuwa sikukiona kibao cha mkia, nilikataa kutoa laini klia.” Kila neno lilikuwa na utetezi wake, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Ilikuja barua ya pongezi, nikahamishiwa Tabora, nikapanda hadi mkaguzi wa njia. Nilistaafu kwa heshima. Maganga alistaafu akiwa mgeuza njia, akafariki kabla sijapata ujasiri wa kumtembelea.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu. Wanakijiji wa Mhemba wanalipaka rangi jengo la kituo na kuandika historia yake ukutani, na jina langu litakuwa juu kabisa: masta aliyeokoa treni. Nilipanda gari asubuhi iliyofuata. Pale kituoni nilimkuta mama mmoja akifagia. Alikuwa Sida, binti wa Maganga.

“Shikamoo, baba masta.”

“Marahaba, mwanangu. Baba yako aliwahi kukusimulia habari ya mabehewa matatu?”

“Mara nyingi.”

“Na ile barua ya pongezi?”

“Alikuwepo ilipokuja. Alisema uliisoma kwa sauti nzuri sana.” Akaendelea kufagia. “Alipiga makofi.”

Nilimwita mwalimu na fundi wa rangi. Fundi alilalamika kwamba herufi za jina langu zimeshakauka. Nikamwambia apake juu yake, nami nitasimama hapo mpaka amalize.

“Mzee, watu wote wanasema ni wewe,” mwalimu akasema.

“Watu wote hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Andika Maganga.”

Fundi akachovya brashi. Nilimsomea herufi moja moja, na sikuondoka hadi nilipoiona ya mwisho.