Kitabu Kilichomzika Mama

Chama chetu cha pale Migosi hakichangi hata shilingi, na jambo hilo majirani zangu wamelikubali kwa shida. Wakiona wanawake wamejaa sebuleni kwangu Jumamosi mchana, huuliza tunanunua shamba wapi. Tukiwaambia tunasoma vitabu, hutazamana kama watu waliofichwa kitu. Lakini ndiyo kazi yetu. Tunasoma habari za wanawake: malkia waliotawala, wakunga, waliosimama mbele ya bunduki za wakoloni, waliosomea udaktari wakati hakuna aliyewataka darasani. Tunasoma, tunakunywa chai, tunabishana.

Ubishi wangu ulikuwa mmoja. Wanawake wa vitabuni walifanya mambo mengi mno. Huyu analea watoto wanane, anaendesha biashara, anaongoza mgomo, na jioni bado ana nguvu za kuwafundisha wenzake ushonaji. Mimi nikichemsha maharagwe na kupiga pasi siku moja, najiona nimefanya kazi. Wenzangu walisema nina wivu. Labda.

Basi mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa Sondu nilikozaliwa, akachapisha kitabu chembamba kuhusu wanawake wa kwetu. Alikiandika kwa Kiswahili ili hata majirani zetu wa upande wa Kericho, wasiojua Kijaluo, wakisome. Nilinunua nakala mbili, moja ya chama na moja ya mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa sababu ya magoti. Mama husoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, na akianza hapendi kusemeshwa. Nilimwacha sebuleni nikaenda jikoni kutoa samaki magamba.

Baadaye akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeomba maji.

"Hii kitabu imenizika," akasema.

Nilikichukua nikasoma palipokuwa na kidole chake. Sura hiyo ilihusu mwanamke aliyeitwa Nyar Asembo. Kwetu mwanamke akiolewa, jina lake hubaki kwao, na huko aendako huitwa kwa mahali alikotoka. Nyar ni binti, kwa hiyo Nyar Asembo ni binti wa Asembo. Ni jina la heshima na halina ubaya wowote, mpaka pale mwanamume mmoja anapooa Asembo mara mbili. Baba yangu alifanya hivyo. Mke wake wa kwanza, niliyemwita Mama Mkubwa, alitoka Asembo. Kazi zilipomzidi alikwenda kwao akamletea mumewe msichana wa ukoo wake awe mke mwenza. Msichana huyo ndiye mama yangu. Nyumbani hatukupata shida. Ukiita Nyar Asembo, aliye karibu aliitika.

Kitabu kilikuwa kimewaunganisha. Kilisema kwamba Nyar Asembo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta samaki wa moshi kutoka Asembo Bay hadi soko la Sondu, akapigania wanawake wapewe banda lao. Hayo ni ya Mama Mkubwa, na ni kweli tupu. Kisha kikasema Nyar Asembo huyohuyo alianzisha ngumbaru ndani ya banda hilo, akawafundisha wanawake wa sokoni kusoma kadi za kliniki za watoto wao. Hiyo ilikuwa kazi ya mama yangu. Mwisho kikasema alifariki akiwa mzee, akazikwa kwa heshima zote. Huyo tena alikuwa Mama Mkubwa.

Nilicheka. Mama hakucheka.

Kilichomuuma zaidi si kaburi. Mama Mkubwa hakupenda ngumbaru hata kidogo. Alisema herufi hazijazi sufuria, na kila jioni alilalamika kwamba vumbi la chaki limeingia kwenye omena zake, dagaa wa ziwani, na wateja wanaziona nyeupe. Mama alikuwa amefika darasa la saba, jambo lililokuwa kubwa kwa mke wa pale zamani zile, na aliyaomba mabaki ya chaki shuleni kwetu. Mimi ndiye niliyeyabeba mfukoni. Nakumbuka wanawake wazima wakiandika juu ya vipande vya katoni, mmoja akimnyonyesha mtoto, na Mama Mkubwa kwenye kona amewapa mgongo, anapanga samaki kwa kelele za makusudi. Leo kitabu kinamwita mwalimu. Kusema kweli nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ndogo kuliko ya Mama.

Nilimpigia simu yule mwalimu mstaafu. Alikuja Migosi wiki hiyohiyo akiwa amebeba ndizi, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Alitueleza alivyofanya kazi. Aliwauliza wazee wa Sondu nani alianza kuleta samaki wa moshi, wakasema Nyar Asembo. Akauliza nani alianzisha ngumbaru, wakasema Nyar Asembo. Akauliza yuko wapi sasa, wakasema alishafariki. Hakuna aliyesema uongo. Tangu siku hiyo nikisoma habari za mwanamke aliyefanya mambo kumi katika maisha ya mtu mmoja, huwa najiuliza kimoyomoyo walikuwa wangapi.

Mwalimu alisema kitabu kilikuwa kinarudi kwa mpiga chapa na angeweza kutenganisha sura. Jambo moja tu lilimkwamisha: wa pili angemwita nani? Nyar Asembo tayari alikuwamo.

Mama alifikiri kidogo. Jina lake la ubatizo alilikataa, akasema nusu ya wanawake wa kanisa wanalo, atachanganywa tena. Jina la mume hakulitaka pia, maana hilo nalo walikuwa wanalitumia wawili. Kisha akalitaja jina alilopewa na bibi yake alipozaliwa. Nililisikia utotoni mara chache, wajomba zangu walipokuja kututembelea, na hata kwenye kitambulisho chake halimo. Sitaliandika hapa, maana sijaandika la mtu mwingine yeyote. Alilitamka mara mbili ili mwalimu asikosee herufi.

Nilidhani yameisha. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa Mama Mkubwa, akapata habari, akanipigia simu akiwa amechemka. Ile sura ya Nyar Asembo alikuwa ameinunulia fremu na kuitundika sebuleni kwake. Binti yake alikuwa ameisoma shuleni mbele ya wazazi. Alisema watu watadhani tunamnyang'anya marehemu vitu vyake, na marehemu hana mdomo wa kujitetea. Nampenda kaka yangu, na Mama Mkubwa alinilea mimi pia. Samaki wake ndio walionilipia karo. Nikampa Mama simu.

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba," akamwambia, kwa sababu ndivyo anavyomwita tangu akiwa mdogo, "samaki ni yake. Chaki ni yangu. Mimi nataka yangu nikiwa bado naona."

Kaka akauliza magoti yanaendeleaje. Hapo nikajua amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuisema. Mpiga chapa alichelewa, akachelewa tena, na macho ya Mama yalizidi kuingia ukungu. Aliacha kuniuliza kitabu kimefika wapi. Kila nilipomwona ameshika Biblia karibu na pua, nilimlaani yule mpiga chapa moyoni.

Hatimaye kikatoka, na mwalimu akaomba kanisa la Sondu limruhusu kuwasoma wanawake wa kitabuni mwake baada ya ibada. Tulikwenda na Mama. Tulikaa benchi la tatu, kaka yangu na familia yake mbele yetu. Mwalimu alikuwa anataja jina la mwanamke, anasema kwa kifupi alichofanya, na watu wanapiga makofi. Alipofika kwa Nyar Asembo, aliyeleta samaki wa moshi na kupigania banda, wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka. Kaka alijifuta macho. Mama alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na hakuwa anaigiza.

Kisha mwalimu akasoma jina la Mama. Akasema huyu ndiye aliyeanzisha ngumbaru.

Makofi mawili matatu ya adabu yalisikika, yakafa. Watu waligeuka huku na huku. Nyuma yangu mtu aliuliza kwa Kijaluo huyo ni wa boma gani, mwenzake akasema pengine ni wa upande wa Kericho. Kati ya wanawake waliokuwa hapo, wengine walijifunza kuandika majina yao kwa mkono wa Mama, nao pia walikuwa wanageuza shingo wakimtafuta. Nilijisikia vibaya sana. Tulikuwa tumepigania jina, na sasa hakukuwa na mtu wa kulijua.

Nilitaka kusimama niseme. Mama alinishika goti, akanikandamiza chini, kisha akatumia bega langu kujiinua. Ilimchukua muda. Kikongwe mmoja wa benchi la pili, mwanafunzi wake wa zamani, akamwangalia kwa mshangao.

"Si wewe ni Nyar Asembo?"

"Asembo ni kwetu," Mama akasema, amejishikilia benchi kwa mikono miwili. "Hiyo jina mmesikia sasa, hiyo ndio mimi."