Pikipiki ya Bado Kidogo na Viti vya Harusi

Msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji aliinunua ile pikipiki kubwa ya safari ndefu ikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na kwa miaka tisa mfululizo hakuwahi kuifikisha mbali zaidi ya kituo cha mafuta. Si kwamba haikuwaka. Iliwaka vizuri tu. Lakini mtu anayeshinda kutwa nzima akiwinda nukta zilizopotea hawezi kurudi nyumbani, akatazama injini, akaiona haina kosa. Kila Jumamosi alitandika gunia uani, akafungua hiki, akapangusa kile. Jirani akiuliza safari lini, jibu lilikuwa moja: "Bado kidogo." Mtaa mzima ukamwita hivyo, na mkewe pia, siku akikasirika.

Asubuhi moja mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki mbili, alikwenda stendi ili arudi kwake. Basi likaharibika kabla hata ya kutoka getini. Akarudi amevimba kwa hasira, funguo zikimlia mkononi.

"Kesho kuna harusi kule. Viti mia mbili viko stoo, na funguo ndizo hizi. Wageni wakae wapi, vichwani mwetu?"

Mke akamtazama mumewe. Mume akatazama dirisha.

"Kabureta ya kushoto inakohoa, mama," alisema kwa unyenyekevu.

"Hata mimi nakohoa, baba, na hapa nimefika."

Hapo hakuwa na pa kutokea. Masanduku ya pembeni ya pikipiki yalijaa spana, mipira ya tairi, plagi za akiba na kitabu cha matengenezo alichokisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mama mkwe aliyamwaga yote sakafuni, akapanga nguo zake, sufuria mbili mpya na dawa za presha. Bado Kidogo aliambulia bisibisi moja mfukoni na spana mbili alizozificha ndani ya soksi.

Likabaki suala la kushika. Mama mkwe amkumbatie mkwewe kiunoni, watu wanaona? Alikataa katakata, akang'ang'ania vyuma vya nyuma kama anayezuia kabati lisianguke. Kona ya kwanza ikamaliza heshima yote. Alimkaba Bado Kidogo hadi mkanda wa suruali ukalia.

"Hili tusimwambie mtu!" alimpigia kelele sikioni.

Kilometa ya sitini, Bado Kidogo akausikia: mlio mwembamba, ti-ti-ti, upande wa kulia. Moyo ukamwenda mbio, na tuseme ukweli, kwa furaha kidogo. Alisimama kando ya barabara, akachomoa spana kwenye soksi, akafungua kifuniko, akakaza mnyororo, akatoa plagi na kuzinusa. Nusu saa nzima. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe akijipepea.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama. Ndiyo maana naogopa."

Akafunga, wakaondoka, na mlio ukawa palepale. Mama mkwe akainama kusikiliza, kisha akachomoa shada la funguo lililokuwa likining'inia kwenye mshipi wake likigonga sanduku. Mlio ukakoma. Bado Kidogo hakuthubutu kumweleza kwamba mfukoni mwake sasa kulikuwa na skrubu moja ambayo hakuikumbuka ilikotoka.

Pikipiki haikujali. Ilipanda milima ikiguna kwa raha, na jioni walifika. Viti vikatolewa, kesho yake harusi ikafanyika, na Bado Kidogo akawekwa meza ya mbele kama shujaa, mgongo umemkauka asiweze kuinama kula.

Asubuhi iliyofuata alijiandaa kurudi. Alimkuta mama mkwe amekwishakaa kwenye siti, kofia kichwani.

"Dada yangu yuko kilometa themanini tu mbele. Hatujaonana miaka mitatu."

"Mama, kazini wananisubiri."

"Nimeshampigia mkeo. Amesema uende, upate hewa."

Akaenda. Na njiani, kwa mara ya kwanza, alijikuta akitazama mashamba badala ya kusikiliza injini. Alipokumbuka kuisikiliza, walikuwa wamefika. Dada mtu, mwenye miaka themanini na moja, alitoka ndani na fimbo yake, akaizunguka pikipiki mara mbili, akaigonga tairi.

"Nzuri," alisema. "Mimi nakaa wapi?"